Biharusi, Nyumba ya Kupanga Haivishwi kwa Siku Moja



Dada zetu wa Unguja na Pemba, wake na mabiharusi, leo tumekuja na maneno makali kidogo, mtusamehe mapema. Sisi ni wawili, mtu na wifi yake. Tumesoma mpaka kidato cha nne, tukachukua kozi ya ushonaji, na sasa tupo kwenye miaka ya thelathini na cherehani zetu. Mmoja yupo Masasi, mwenzake yupo Newala juu. Kazi yetu ni mapazia, foronya, mashuka na vitambaa vya makochi. Tunachotaka kukisema leo kitatuumiza mfukoni sisi wenyewe kabla hakijamuumiza mtu mwengine.

Tunasema hivi: kumjazia biharusi nyumba ya kupanga kwa siku moja, pazia mpaka zulia, ukuta mpaka dari, ni kosa. Mapambo hayo yanakula mahari yake, hayajui mvua wala baridi ya mji aliopelekwa, na siku ya kuhama yanamgeukia mzigo. Nyumba ya kupanga inavishwa kama mtu anavyovaa, kwa hali ya hewa na kwa uwezo. Inapewa mwaka mzima.

Tunajua wapo watakaokasirika. Wakasirike, lakini kwanza wasikilize kilichotokea.

Biharusi wetu wa Disemba

Alitoka Unguja mjini, kaolewa na mwalimu aliyepangiwa kazi Newala. Harusi ilikuwa Disemba, likizo ya shule. Walipata nyumba nzuri, vyumba viwili na sebule, wakalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama ilivyo kawaida. Kabla hata mizigo haijafunguliwa, simu ilikuwa imejaa picha. Mama wadogo wanatuma, mashoga wanatuma, somo wake anatuma. Sebule za Dubai, sebule za Uturuki, kuta zenye karatasi za maua, mapazia ya mahameli yenye vishada vya dhahabu.

Akaja kwetu na picha hizo. Alitaka mahameli rangi ya damu ya mzee, madirisha manne, kila dirisha vipande viwili. Akataka yakatwe sawasawa na dirisha, yaguse sakafu na yasizidi hata kidole. Akanunua kapeti la kuenea ukuta kwa ukuta, likakatwa kufuata kona za sebule ile. Karatasi za ukutani zikabandikwa kwa gundi. Pesa ilipokwisha, akauza mkufu wake wa mahari. Ulipokwisha mkufu, akachukua mkopo wa wale tunaowaita kausha damu.

Na sisi? Sisi tulishona. Tulipima, tukakata, tukapokea pesa, tukamwambia mashaallah imependeza. Hatukumuuliza mvua inaingilia wapi katika nyumba ile. Hatukumuuliza atakaa mpaka lini. Hili tunalitaja kwa sababu hatuna haki ya kumlaumu mtu bila ya kuanza na nafsi zetu.

Mvua za Januari zikaja, maji yakapita chini ya mlango, kapeti likalowa na halikukauka tena. Mwezi wa tatu sebule ilinuka kama gunia lililosahauliwa ghalani. Udi aliufukiza asubuhi na jioni, lakini udi hauondoi uvundo, unakaa juu yake tu. Mwisho wa Mei mwenye nyumba akasema anaihitaji nyumba yake. Karatasi za ukutani zilipobanduliwa ziliondoka na rangi, wakatakiwa wapake upya kabla ya kukabidhi funguo. Kapeti lilikuwa limekatwa kwa kona za sebule ile, nyumba ya pili halikuingia. Na mapazia yetu ya mahameli, tuliyoyakata bila ya pindo la akiba, kwenye madirisha mapya yalikuwa mafupi kwa shibiri nzima. Yalining'inia juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyerefuka.

Juni ikaingia. Baridi ya Newala ikamkuta na vishada vya dhahabu, bila ya blanketi la pili. Usiku mmoja wakaingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha ili joto lisitoke. Alfajiri aliamka kichwa kinapasuka, anatapika, miguu haimbebi. Mumewe akajikokota, akafungua mlango. Alhamdulillahi wapo hai wote wawili. Wengine huwa hawaamki. Moshi wa mkaa unaoua hauna rangi wala harufu, na chumba kilichofungwa hauhitaji muda mrefu kukijaza.

Alipotusimulia, tulinyamaza kimya. Pesa ya vishada peke yake ingenunua mablanketi mawili mazito na chenji ikabaki.

Misimu ya huku siyo ya kwenye simu

Kosa la kwanza la mabiharusi wengi ni kudhani mji wote ni mmoja. Visiwani tunajua kaskazi ya joto, masika, kipupwe, kisha vuli. Mvua zinakuja mara mbili kwa mwaka. Ukija Kusini unakuta mvua ni moja tu, inaanza mwisho wa Novemba au Disemba, inakwenda mpaka Aprili. Baada ya hapo ni ukavu miezi saba. Anayesubiri vuli ya Oktoba huku atasubiri sana.

Tena Masasi na Newala zenyewe si sawa, ingawa ni majirani. Masasi ipo chini, kwenye tambarare yenye majabali makubwa yaliyosimama peke yao. Oktoba na Novemba joto lake halina mchezo. Jabali linakunywa jua mchana kutwa, na ukiweka kiganja juu yake jioni unahisi bado lina moto. Newala ipo juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaona bonde la Ruvuma limelala chini na Msumbiji ng'ambo yake. Upepo unapanda, na Juni na Julai ukungu wa asubuhi unafunika barabara. Mtu anaweza kutoka Masasi na gauni la pamba, akafika Newala akaomba sweta.

Sasa biharusi anafungua simu, anaambiwa kuna misimu minne: theluji, maua, jua na majani kupukutika. Anaambiwa Oktoba apambe nyumba kwa majani mekundu. Huku Oktoba majani mekundu yapo kweli, lakini yanaota! Miombo ya Masasi inachipua majani mekundu kabla ya mvua, wakati huko Ulaya na Marekani majani mekundu ni ya kuanguka. Mikorosho nayo inatoa maua yenye harufu tamu wakati wa ukavu. Mwenyezi Mungu amepamba nje ya dirisha letu kwa ratiba yake, na sisi tunanunua majani ya plastiki kwa ratiba ya watu wengine.

Na kuna msimu mwengine ambao wageni hawaujui. Mtwara ukisema "msimu" bila ya kuongeza neno, watu hawafikirii mvua wala jua. Wanafikiria korosho. Minada inaanza Oktoba, pesa inazunguka, na hapo ndipo makochi, makabati na makapeti yanapoletwa kwa malori. Kila muuzaji anasema chukua sasa, lipa korosho zikilipwa. Lakini bei ya korosho haipangwi na mama wa nyumbani. Msimu wa 2018 mnada uliingia kwenye mgogoro wa bei, serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo ya wakulima wengi yakachelewa mpaka mwaka uliofuata. Waliokuwa wamechukua makochi kwa ahadi ya korosho walikalia deni, si makochi.

Maji ndiyo yanayopima pazia

Tunawaambia jambo ambalo picha haiwezi kukwambia. Uwanda wa Makonde juu hauna mito. Zamani wanawake walikuwa wakishuka mabondeni na kupanda na maji kichwani. Mradi wa kusukuma maji kutoka bondeni hadi juu una historia tangu miaka ya 1950, na mpaka leo nyumba nyingi zinategemea pia visima vya kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye bati.

Basi lete hesabu. Katika mikono yetu, kipande kimoja cha pazia la mahameli kinataka ndoo nne za lita 20, kufua na kusuuza. Vipande vinane ni ndoo 32, yaani lita 640. Na vumbi jekundu linakuwa jingi lini? Septemba, Oktoba, Novemba, wakati ambao kisima kimebaki matope. Kwa hiyo pazia linachafuka zaidi wakati ule ule ambao huna maji ya kulifulia. Kipande cha pamba nyepesi kinataka ndoo moja, kinakauka kabla ya adhuhuri, na unakikunja ukakibeba kwa mkono mmoja.

Mwanamke anayechagua kati ya kufua pazia na kuwa na maji ya kutosha nyumbani kwa udhu, mapishi na kuoga, huyo hakupambiwa nyumba. Ameongezewa mtu wa kumlisha.

Dini yetu haikututupa katika hili

Wapo wanaosema, haya ni mambo ya kidunia, mwacheni biharusi afurahi. Sisi tunasema furaha yake ndiyo tunayoitetea.

Katika Suratun Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa nyumba ameijaalia iwe mahali pa utulivu. Kisha katika aya hiyo hiyo anataja nyumba za ngozi za wanyama, ambazo ni nyepesi siku ya kuhama na siku ya kutua, na anataja vyombo vitokanavyo na sufi na manyoya, vya kutufaa kwa muda. Tuisome aya hii sisi tunaopanga. Wepesi wa siku ya kuhama umetajwa kuwa neema. Vipi sisi tuufanye kuwa aibu?

Na mnaikumbuka habari ya Bibi Aisha, Mungu amridhie. Alitundika pazia lenye picha. Mtume, rehma na amani zimshukie, aliporudi safarini hakuridhika nalo, likaondolewa. Bibi Aisha hakulitupa wala hakununia. Alilikata akafanya mito ya kuegemea. Sisi mafundi tukiisikia habari hii tunatabasamu, kwa sababu kazi ile tunaijua. Nyumba ile, bora kuliko zote, kitambaa kilibadilishwa kazi na maisha yakaendelea. Kilichotakiwa kwanza ni kumridhisha Mola, na kitambaa kikafuata.

Israfu mnaijua hukumu yake, Suratul Israa imeshasema juu ya wabadhirifu, na kila mmoja wetu amesoma madrasa. Ila tunaongeza neno moja juu ya mahari. Mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, kapewa na Mola wake, hata mume haigusi ila kwa ridhaa yake. Sasa iweje kile ambacho mume haruhusiwi kukichukua, kichukuliwe na pazia? Mkufu ule ungekuwa akiba yake siku ya kuugua mtoto. Uliondoka kwa ajili ya macho ya wageni wa siku saba.

"Nyumba si yenu, ya nini kuipamba?"

Msidhani tunawapiga mabiharusi peke yao. Kuna upande wa pili nao una makosa yake. Wapo waume wanaosema nyumba ya kupanga haipambwi, tutapamba tukijenga. Miaka saba inapita, kumi inapita, mke anaishi na taa ya uchi na dirisha lililozibwa kwa gazeti. Huko nako ni kumnyima mtu utulivu wake. Uislamu unapenda usafi na uzuri, na mwanamke anayeshinda ndani kutwa ana haki ya kupumzisha jicho lake. Kiwanja kitanunuliwa inshaallah, lakini maisha yanaishiwa leo.

Hakuna anayetaka nyumba tupu. Tunataka nyumba inayobadilika, na hii ndiyo namna tunayowaelekeza wateja wetu siku hizi.

Miezi mitatu ya mwanzo, nunua kidogo sana. Kitanda, godoro, chandarua, vyombo vya kupikia, mkeka na pazia jepesi la stara. Stara haisubiri, lakini mahameli inaweza kusubiri. Chandarua kikiwa kipana na cheupe, kikifungwa vizuri kwenye nguzo za kitanda, ni pambo tosha la chumba cha biharusi na kinga ya malaria pamoja. Kisha itazame nyumba. Jua linapiga ukuta upi? Maji yanaingilia mlango upi? Upepo unatokea wapi? Nyumba itakwambia yenyewe inataka nini.

Wakati wa mvua, kila kitu kipande juu. Kapeti lisikae sakafuni. Mkeka wa ukili ule wa kwetu visiwani unatosha, maana ukilowa unausimamisha ukutani ukakauka. Kabati livute vidole vinne kutoka ukutani hewa ipite, nguo zisiote ukungu. Mwisho wa Aprili, kisima bado kimejaa na jua limerudi, hapo ndipo pa kufua vitu vizito vyote vya nyumba. Usivuke Mei bila ya kufua.

Wakati wa baridi, hasa kwa wa Newala, ongeza bitana. Sisi tunashona bitana peke yake, na vifungo juu, inafungwa nyuma ya pazia jepesi Juni na inavuliwa Agosti. Kwa njia hiyo pazia moja linakuwa mawili, na gharama ni ya kitambaa cha kawaida tu. Rangi za joto ziweke kwenye foronya na shuka la kochi: hudhurungi, manjano ya binzari, nyekundu ya bibo bivu. Doti moja ya kanga ukiipanga vizuri inatoa foronya sita za mito ya sentimita 45 zenye zipu. Mpe fundi ahadi kuwa hatalikata jina la kanga katikati, maana maneno nusu yanaleta tafsiri mbaya! Kisha pesa iliyobaki nunua blanketi. Na jiko la mkaa libaki nje, hata kama baridi inauma mpaka kwenye mifupa. Hili hatulifanyii mzaha.

Wakati wa joto na vumbi, punguza. Vua bitana, kunja mablanketi, toa vitambaa vya makochi vyenye nakshi nyingi. Rangi isiwe nyeupe ya pwani, kwa sababu vumbi la huku litaigeuza wiki moja. Chagua rangi ya mchanga au ya udongo, vumbi likitua halikuaibishi. Masasi tunawashauri waache dirisha la mashariki na la magharibi yazibwe mchana, yafunguliwe baada ya magharibi. Mtungi wa maji kwenye kona na kijani kimoja kwenye chungu vinapoza macho, hata kama havipozi hewa.

Na Ramadhani msiifungie kwenye msimu mmoja. Mwezi wetu unatembea, kila mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2016 tulifunga Juni na Julai, na baridi ya Newala wakati wa daku tunaikumbuka. Mwaka 2025 tuliianza mwanzoni mwa Machi, mvua zinanyesha. Kwa hiyo anayenunua "seti ya Ramadhani" ya kitambaa kizito mwaka huu, ajue miaka michache ijayo mwezi utamkuta kwenye joto la Disemba. Weka kona moja ya swala, msala safi, rehani ya msahafu na taa ndogo. Kona hiyo haina msimu na haihitaji msumari.

Neno la fundi kwa wanaopanga: madirisha mengi ya huku yana nondo. Funga waya wa pazia kwenye nondo zenyewe, ukutani usitoboe hata tundu moja. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya upana wa dirisha, yaani dirisha la mita moja na nusu linataka mita tatu. Na kila pazia liwe na pindo la sentimita 15 chini, lililoshonwa kwa mkono ili lifumuke kwa urahisi. Nyumba ya pili ikiwa na dirisha refu, unafumua na kushusha. Fundi anayekukatia bila ya pindo anakukatia kwa mwenye nyumba wako. Tulikuwa sisi hao.

Kwa wanaosema tunaua biashara yetu

Wameshatwambia, hata wenzetu wa kazi. Wanasema mwanamke anayevaa dirisha lake kwa bitana na kanga hatarudi kununua mahameli. Ni kweli, wapo waliotukimbia wakaenda kwa mafundi wanaosema ndiyo kwa kila picha. Mwezi mwengine cherehani moja inakaa bila ya kazi. Lakini pesa ya mkufu wa mahari wa mtoto wa watu tumeshaila mara moja, na ladha yake tunaijua.

Kwa kina mama na masomo tunasema: mnapomfunda mwari, msimalizie kwenye manukato na upishi. Mfundisheni kuuliza mji anaokwenda una baridi mwezi gani, maji yanatoka wapi, na kodi inakwisha lini. Zawadi za harusi zisiwe vikombe seti sita ambavyo havitashuka kabatini. Changeni mumpe blanketi zuri na mkeka mzuri.

Kwa waume: ulizia hali ya hewa ya kituo chako kabla ya kumleta mtoto wa watu, na mweleze ukweli wa mshahara wako kabla hajafungua picha.

Kwa wenye nyumba: kulabu mbili juu ya kila dirisha hazitakufilisi, na zitakuokolea ukuta wako.

Na kwako biharusi: watakaosema nyumba yako tupu watakunywa chai yako na kuondoka. Utakayebaki na nyumba ni wewe. Wape mkeka safi, mto wa kuegemea na harufu ya udi iliyofukizwa kwenye chumba kikavu. Atakayekudharau kwa hilo, hata dhahabu ukutani isingemtosha.

Yule biharusi wetu wa Disemba alirudi Agosti na mapazia yake yote ndani ya gunia. Tulikaa naye kutwa na mkasi. Kwenye mahameli ile tulitoa bitana za madirisha mawili, foronya za kochi, na shuka la kutandika kitandani wakati wa baridi. Vishada tulimrudishia ndani ya mfuko, akasema wacheni, atachezea mtoto. Hatukuchukua pesa ya ushonaji, na wala hatusemi hivyo ili tusifiwe, maana deni letu kwake halikuishia hapo. Mkopo amemaliza kuulipa mwaka huu. Mkufu bado hajaurudisha.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu, za kujenga na za kupanga, ziwe mahali pa utulivu, na atuepushe na deni la kuridhisha macho ya watu. Amin.